Kuni za Spesioza

Asubuhi za masika hapa Kibondo, jirani yangu akiwasha kuni mbichi, moshi huja moja kwa moja hadi dirishani kwangu, mzito, mchungu kidogo, wenye harufu ya gome lililolowa. Wengine nyumbani hukimbilia kufunga madirisha. Mimi husimama palepale, nikawa tena na miaka kumi, kule Makere, nina mzigo kichwani na aibu moyoni. Nisikilizeni, maana jambo hili sijawahi kumsimulia mtu likaisha.

Siku hizo wanawake wa kambi ya wakimbizi wa Burundi walitoka kutafuta kuni kwenye msitu uliopakana na mashamba yetu. Hawakuruhusiwa kufika mbali; waliovuka mpaka waliowekewa walikamatwa. Sisi watoto tulilijua hilo vizuri. Mimi na binti wawili wa shangazi tulijificha majanini, tukangoja wajitwike, kisha tukapaza sauti nene za kuigiza: "Askari! Askari!" Wakatupa mizigo na kukimbia. Tukacheka mpaka mbavu zikauma, tukagawana kuni. Mama aliwaambia wenzake wa kwaya kwamba binti yake Eliza ana mikono ya kazi, nami nikainamisha macho kama mtu mnyenyekevu.

Jumamosi moja mwanamke alipiga hodi uani kwetu, akaomba maji. Alichechemea, mguu wa kulia umefungwa kitambaa kilichokaukiwa na damu. Jina lake Spesioza. Alisema alikanyaga kisiki akiwakimbia askari. Kiha cha mama na Kirundi chake vilielewana bila kuhitaji Kiswahili. Mama akamkalisha jikoni, akabandika maji ya kumwoshea kidonda. Mgeni akatazama kuni zilizoegemezwa ukutani na kamba iliyozifungia ikiwa juu yake.

"Mama, unisamehe," akasema taratibu. "Kamba ile ni yangu. Niliisuka kwa kitenge nilichombebea mwanangu."

Mama aliitazama kamba, akanitazama mimi.

"Eliza, askari alikuwa nani?"

"Ni sisi, mama."

Nilijua sasa fimbo inafuata. Badala yake mama alipiga magoti, akaosha mguu ule polepole, akaufunga kwa kipande cha khanga safi. Alipomaliza akasema, "Jana tumepikia kuni hizi. Tukafumba macho, tukamwomba Mungu abariki chakula. Simama, ufunge zote zilizobaki."

Baba, aliyekuwa akipachika mpini wa jembe pale nje, alisema mgeni apewe pole na maharage kidogo, yatosha.

"Na hayo maharage atayapikia nini?" mama akauliza. Baba akarudia mpini wake.

Tulitoka watatu, Spesioza na mkongojo wake, mimi na mzigo, mama na mzigo mkubwa kuliko wangu. Kwenye kizuizi cha kambi askari wa kweli akatuuliza tunauza nini. "Hatuuzi," mama akajibu. "Tunarudisha." Akatupisha.

Nilidhani yameisha. Lakini mguu ule ulichukua majuma sita kupona, na kila Jumamosi, mvua inyeshe isinyeshe, mama aliniamsha tukate kuni, tuzipeleke. Majirani walimwita punda wa wakimbizi. Yeye alikaza ngata kichwani, akaendelea kutembea. Kisha akamwendea shangazi, wakaongea mlango ukiwa umefungwa, na kuanzia Jumamosi ya tatu binti zake nao wakawa nyuma yetu.

Siku nilipopata ujasiri wa kumwomba Spesioza msamaha, sauti ilitoka nusu. Alikuwa akichochea uji. "Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Ila wenzangu bado wanakimbia wakisikia mtoto anacheka. Nenda ukawaambie na wao."

Nikaenda. Nilisimama pembeni mwa msitu, binti za shangazi wakiwa nyuma yangu, nikaita kwa sauti yangu mwenyewe: "Mimi ni Eliza! Ni sisi tuliowadanganya! Tusameheni!" Wengine walisimama. Wengine walitupa kuni wakakimbia vilevile, na mizigo ile tuliibeba sisi mpaka kwenye kizuizi tukawangoja wenyewe.

Kwa miaka mingi niliamini mama alikuwa ananiadhibu. Nilikuwa tayari nimepata watoto wangu nilipomuuliza, siku moja tukipukuchua mahindi, kwa nini na yeye alibeba, tena mzigo mzito kuliko wangu, ilhali hakumtisha mtu.

Aliendelea kupukuchua kidogo.

"Mizigo ile uliyokuwa unaleta haikuwa ya kichwa cha mtoto wa miaka kumi," akasema. "Niliona tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimechoka, kuni zilikuwa mbali, nikaamua nisiulize."

Ndipo nikaelewa ile njia ya kambini. Sikuwa mtoto anayeadhibiwa na mama yake. Tulikuwa wakosaji wawili, na yule mkubwa alikuwa ameamua kulipa kwa shingo yake mwenyewe.