Severa na nondo za jirani

Saa nne asubuhi, zege la paa hili la Mchafukoge, jirani na Kariakoo, limeshapata moto, na Severa Mlay amepiga magoti akifungua nati za dishi alilolifunga mwenyewe mwaka jana. Hapigi soga. Ana hasira, tena hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

"Nililiona hili likija," anasema, akinyooshea spana jengo la jirani. "Nikajifanya sioni."

Severa, 34, mzaliwa wa Marangu, ni fundi wa intaneti ya setilaiti. Wateja wake ni ofisi za Kariakoo na jirani zake, zilizochoka kukatiwa nyaya za ardhini kila barabara inapochimbwa. Setilaiti anayoifuata iko juu ya ikweta, upande wa baharini, umbali wa kama kilometa elfu thelathini na sita. Inazunguka sambamba na dunia, hivyo ukiwa Dar unaikuta palepale mchana na usiku. Dishi likishaipata, unakaza nati, unashuka zako.

Setilaiti haihami. Kinachomsumbua Severa ni Kariakoo yenyewe, inayopanda juu kila mwaka.

Mjini hapa mtu akijenga huacha nondo zimechomoza juu ya nguzo, kwamba siku akipata hela ataongeza ghorofa. Jengo la jirani lilikuwa nazo. Severa aliziona, akamuuliza msimamizi wa jengo hilo, Awadhi. Akajibiwa kwamba zimeota kutu hapo miaka yote na hakuna wa kujenga. Akaamini, akafunga dishi. Mwezi uliopita nondo zikavikwa zege, na sasa ukuta mpya umelikinga dishi lisiione setilaiti.

Mwenye ofisi inayotumia dishi hili, Harshida, ni wakala wa forodha. Intaneti ikikata, karatasi za mizigo ya wateja wake haziendi bandarini. Amepanda ngazi zote mwenyewe, anahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Severa, mimi nakupenda, lakini leo ndiyo mwisho. Ukishindwa naita fundi mwingine."

Si tishio dogo. Dishi moja humwachia Severa kama shilingi laki moja na nusu, na wateja wake wengi wameletwa na mama huyu. Wakisikia ameachwa, watamwacha pia. Kazi ya leo hatozi hata senti.

Kona nzuri ipo hapo karibu, wazi kabisa. Mbele yake kuna jengo fupi tu. Severa analitazama kwa muda, kisha anatikisa kichwa. Juu ya jengo lile kuna nondo.

"Aa, wale hawana hela ya kujenga!" Harshida anamaka. "Funga hapo, mimi nataka leo."

"Na Awadhi aliniambia hivyohivyo, mama. Utapata leo, na mwakani pia utapata. Hapa sifungi."

Badala yake anaegemeza ngazi kwenye kibanda cha tangi la maji, sehemu ya juu kuliko zote, na kuanza kupandisha bomba refu la chuma. Kazi ya saa moja inakuwa ya saa tatu. Kutoka dirisha la ghorofa mpya, Awadhi anachungulia.

"Pole, dada! Tajiri kapata hela, ningemzuia mimi?"

"Ungenipigia hata simu, Awadhi!"

Severa anarudi kwenye dishi, ambalo sasa liko juu ya bomba. Analisogeza kidogo, anatazama mita, analisogeza tena kidogo zaidi ya kidogo. Mita inalia. Anakaza nati ya mwisho akiwa ameuma midomo.

Chini, ofisini, Harshida anapiga ukelele: "Zinaenda! Karatasi zinaenda!"

Severa anakaa juu ya tangi na kucheka kwa mara ya kwanza leo. Jasho linamtiririka hadi viwikoni.

Anaeleza mpango wake akifunga vifaa. Amejenga vyumba viwili Kivule. Ghorofani, anasema, itakuwa karakana yake, na atachukua wasichana wawili awafundishe kazi. Kwa sasa kuna nondo tu juu ya nguzo.

"Jirani yangu wa nyuma ana dishi," anasema. "Jumapili nilimgongea mlango, nikamwambia ukuta wangu utamziba, alihamishe. Nitamhamishia mimi mwenyewe, bure."

Na hela ya ghorofa ipo?

"Bado." Anabeba ngazi begani. "Lakini dishi lake nalihamisha Jumamosi hii."