Mpika kasiksi asiyeionja

Ukungu bado umelala juu ya ziwa, na Papa Symphorien Munyakazi tayari amepiga magoti shambani. Anaondoa udongo kwa mikono, anafunua majani ya migomba, kisha anaingiza pua shimoni kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani.

“Eeh! Iko tayari,” anasema akicheka. “Ndizi ikisha kuiva, inakuita yenyewe.”

Hapa ni Shasha, kwenye njia ya Sake na Minova. Kasiksi, pombe ya ndizi anayoipika Symphorien, imenywewa kwenye harusi na matanga ya kijiji hiki tangu enzi za baba yake. Ndizi huvundikwa kwenye shimo lenye joto, zikiiva humenywa na kukamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mbao. Maji yake matamu huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke.

Ajabu ni kwamba mpishi huyu haonji pombe yake hata tone. Na wiki hii jambo hilo linamweka roho juu, kwa sababu Jumamosi anapeleka kasiksi kwa wakwe, siku ya mahari ya mwanawe Luc.

Kwenye vilima hivi, aliyeleta pombe hunywa wa kwanza, wageni wakimtazama. Ni namna ya kusema kwamba humu hamna sumu. Asipokunywa, watu hunong’ona, na ndoa inaweza kuvunjika palepale.

Zamani hilo halikumpa shida. Alikunywa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho.

“Nilikuwa nafungua shimo mbele ya wakati juu ya kiu,” anasema. “Ndizi ya kuharakisha inatoa maji ya bure tu, haina utamu. Na maisha yangu ilikuwa vile vile.”

Siku ya mahari ya binti yake mkubwa, Astrid, alianza kuonja asubuhi. Wageni walipofika walimkuta amelala nyuma ya nyumba, na mdogo wake ndiye aliyewapokea wakwe.

“Bibi yangu njo ananihadisiaka ile siku,” anasema akimtaja mkewe, sauti ikipungua. “Miye sina nayo. Hata nguo ya mutoto yangu siikumbuke.” Inauma kumsikiliza.

Baada ya hapo alisimama kanisani, akaapa mbele ya Wakristo wote kwamba hatagusa pombe tena. Sasa, mbona bado anapika? Majirani huuliza, wengine kwa kejeli, na mkewe, Mama Geneviève, hana subira nao.

“Yesu alitoa divai kwa ndoa, hakutoa ulevi,” anajibu. “Na batoto bale nini, majani?”

Pipa la kwanza baada ya kiapo lilimwagwa lote. Pombe ya mpishi asiyeonja? Aka! Hakuna aliyeigusa.

Ndipo akabuni njia yake. Humwita mteja siku ya kukamua, wakanywa pamoja yale maji matamu kabla hayajawa pombe. Unga ukishatiwa, mteja mwenyewe hufunika mtungi kwa jani na kuufunga kwa kamba ya mgomba. Atakayelifungua fundo lile ni yeye. Shasha wamekubali. Lakini wakwe je?

Jua likipanda, pikipiki inaingia uani. Anashuka Papa Hubert, baba wa bibi harusi Nicole, matope hadi magotini. Ni mzaliwa wa Walikale anayelima Kirolirwe, na ndugu zake wa msituni watahudhuria mahari.

Symphorien anamsalimu, kisha anashindwa kungoja.

“Papa Nicole, Jumamosi sitakunywa. Niliapa kwa Mungu. Kama ile inaharibu ndoa ya batoto, uniambie leo, isikuwe mbele ya bantu.”

Hubert anasogelea mtumbwi ambamo ndizi zinakamuliwa. Anapokea kikombe cha maji ya ndizi, anangoja Symphorien anywe, naye anakunywa. Mtungi ukishajaa na unga kutiwa, anaomba kamba. Anaufunga taratibu, kwa fundo la watega mitego wa Walikale, ambalo hapa Shasha hakuna anayelijua.

“Bandugu zangu batauliza,” anasema hatimaye. “Nitabaonyesha hii fundo. Na ile siku, Papa Astrid, miye njo nitakunywa wa kwanza.”

Mama Geneviève anapiga kigelegele mpaka kuku wanatawanyika. Symphorien anageukia migomba na kujifuta macho kwa kiwiko, maana mikono imejaa ndizi.

Na yeye, wenzake wakinywa, atafanya nini?

“Nitakaa mbele, pembeni ya Astrid, na kikombe yangu ya maji ya ndizi,” anasema. “Nitaangalia nguo ya Nicole muzuri. Kesho yake, muntu akiuliza ilikuwa rangi gani, nitamujibu miye mwenyewe.”