Picha ya Grizel Lumsden

Wafanyabiashara wa mji walikubaliana kumchoresha picha marehemu Walter Durie, kwa kuwa alifungua ghala lake mwaka ule wa njaa na kuwapa watu shayiri. Tatizo ni kwamba hakuwahi kuchorwa akiwa hai. Basi mchoraji Gavin Tulloch alipofika kutoka Edinburgh, alimvika Ninian, mwana wa marehemu, koti na wigi la babaye, akamkalisha kitini dirishani. Grizel, mjane wa Walter, alikaa pembeni na nguo zake nyeusi.

Mara Bethia muuza samaki akaingia na kikapu mgongoni. Alipomwona Ninian, akaangua kicheko.

"Makubwa! Shoga, mwanao kafanywa nini?"

"Anachorwa badala ya babaye," Grizel akajibu. "Kwa ajili ya ile shayiri."

Kicheko kikamkauka Bethia. "Shayiri ipi? Mwaka ule Walter si alikuwa ng'ambo, Danzig, meli imenaswa na barafu? Aliyekuwa na ufunguo ni nani? Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!"

Ninian akageuka. "Mama, ni kweli?"

Miaka yote hiyo Grizel hakuwahi kulisema, kwa kumsitiri mumewe. Lakini sasa akasimama.

"Kweli. Watoto walikuwa wanakufa, nami nimekalia shayiri. Nikafungua. Baba yako aliporudi alifoka mpaka sauti ikamkauka. Kisha akanishika mkono, akaniambia, 'Grizel, mimi nisingethubutu.' Vua hilo koti, mwanangu."

Akaketi yeye kitini, mgongo wima. Tulloch akaitazama kofia yake nyeupe ya ujane, akatazama macho yake, akachukua turubai jipya la kuchorea.

"Mama, tabasamu kidogo?" Tulloch akaomba.

"La. Chora, bwana."

Wakubwa wa wafanyabiashara walinung'unika: picha ya mwanamke ukumbini mwetu? Wauza samaki wakaja na vikapu vyao, wakasimama mlangoni kuwauliza nani kati yao hakunywa uji wa shayiri ya Grizel. Wakubwa wakawapisha. Picha ikatundikwa. Chini yake walitaka kuandika "Mjane wa Durie". Grizel akakataa, likaandikwa jina alilozaliwa nalo: Grizel Lumsden.

Siku hiyo Bethia alisimama naye mbele ya ukuta.

"Pua kakuzidishia, shoga."

"Hajazidisha kitu," Grizel akasema, kidevu juu. "Ndiyo mimi huyo."