Siku Niliyopatana Bei ya Alama za Nakundwa

Mpaka leo nikiteremsha tangawizi Same mjini huwa napita njia ya nyuma ya soko, nisikutane na wazazi wenzangu wa kijijini kwetu Mamba, maana wakiniona tu lazima mmoja aulize, "Mama Nakundwa, leo tangawizi imekununua kwa shilingi ngapi?"

Chanzo kilikuwa kidogo tu. Nilikuwa jikoni nachambua mahindi ya makande, binti yangu Nakundwa, wa kidato cha pili, akaja kuniuliza namna ya kujua sentensi ya Kiingereza ipi ni active, ya kutenda, na ipi ni passive, ya kutendwa. Ningesema sijui, tungekula tukalala. Lakini sisi watu wa sokoni hatusemi hatuna, tunasema subiri nikuletee, halafu tunakimbilia kwa jirani (na Kiingereza ninacho, cha kuwauzia abiria wageni pale barabara kuu, "good price, sister", basi). Nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Aliyetajwa kwanza ndiye mwenye kazi. Hiyo ni active." Kwa hesabu hiyo kila sentensi duniani ni active, lakini hilo sikuliona, mimi ninayehesabu chenji mara mbili.

"Mama, una uhakika?"

"Nimewahi kukuuzia kitu kibovu?"

Siku ya kikao cha wazazi mwalimu wa Kiingereza akasoma matokeo ya mtihani mbele ya watu wote. Kundi la mdahalo linaloshuka Same mjini lilikuwa limebakiza nafasi moja, na Nakundwa alikuwa akiitamani mpaka anawahutubia mbuzi bandani. Akaikosa kwa alama mbili. Nikasimama. Nakundwa, aliyekaa na wanafunzi wenzake ukutani, akatikisa kichwa (nikadhani anasikitikia alama).

"Mwalimu, shikamoo. Hizo ndizo za mwisho?"

"Marahaba. Ndizo, mama."

"Hakuna maongezi? Ongeza mbili tu, tumalizane."

Watu wakaanza kucheka, nami kicheko cha watu hunipa nguvu, nikasema mtoto nimemfundisha mwenyewe, hawezi kukosea. Mwalimu, mtu mpole, akaandika ubaoni: "The ginger was bought by Mama Nakundwa." Akanisomea, akanifafanulia neno kwa neno, kisha akauliza, "Haya, hapo nani kafanya kazi?"

Jamani, nilijua kabisa nani hununua tangawizi Mamba. Ila mimi nikishataja bei huwa sirudi nyuma.

"Tangawizi," nikasema. "Imetajwa kwanza."

Kikao kikavunjika mbavu. Mzee mmoja mkulima, ambaye namlalia bei kila msimu, akasimama kabisa na fimbo yake: "Leo amepatikana! Imekununua shilingi ngapi, Mama Nakundwa, na ilikulipa taslimu?"

Mwalimu akanyamazisha watu, akamgeukia Nakundwa, akamuuliza swali lilelile. Akajibu taratibu, macho chini: "Aliyenunua ni mama. Tangawizi imenunuliwa. Ni passive."

"Sawasawa. Sasa mbona kwenye mtihani zote umeandika active?"

Akaniangalia mara moja, akarudisha macho sakafuni. "Nilichanganya, mwalimu."

Kumbe alikuwa anajua. Alijua, akaacha alichokijua, akaandika changu, na sasa analipia yeye mbele ya wenzake huku mimi nimesimama kama mnunuzi aliyesahau pochi. Ningeweza kukaa, watu walishaanza kutulia.

"Hakuchanganya, mwalimu," nikasema. "Hayo makosa ni yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo."

Safari hii hakuna aliyecheka, hata yule mzee, na hapo ndipo niliposikia aibu yenyewe.

"Asante kwa kusema, mama," mwalimu akanijibu. "Lakini alama hatuongezi."

Nafasi ikaenda kwa mtoto wa kijiji cha Vudee. Tukapanda kilima kurudi nyumbani, mimi mbele, yeye nyuma, mpaka karibu na mgomba wetu wa kwanza nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa nini alinifuata mimi wakati alikuwa anajua.

Akainua mabega. "Hujawahi kuniuzia kitu kibovu."

Siku hizi akifungua tu kitabu cha Kiingereza nasema sijui, hata kabla hajauliza. Na hapo sipunguzi.