Chai ya Hilary Tebbutt

Hilary Tebbutt alikuwa mbishi tangu nilipomfahamu. Tulichimba pamoja mabaki ya kale katika mashamba ya Northamptonshire, Uingereza, miaka mingi, tukitangulia mbele ya barabara mpya, na sikumbuki bosi aliyemwambia acha akaacha.

Siku ile tulikuwa tukifukua makazi ya wakulima wa enzi za Warumi. Watu wa kawaida, wa ng'ombe na ngano. Nyumba yao ya duara ilibaki alama ya mfereji tu udongoni, na kando ya mlango palikuwa na doa jeusi, dogo kama sahani. Gareth, msimamizi wetu, akasema ni shimo la sungura. Baada ya chai katapila lipite.

"Hawa walizika vichanga chini ya ukuta, Gareth. Hapo hapo," Hilary akabisha.

"Kwako kila doa ni mtoto. Muda umeisha, mama."

Mvua ikaanza. Saa nne ni chai, na kwetu chai haiguswi. Hata dereva huzima mashine. Tukajazana kibandani. Hilary hakuja. Alikaa topeni kando ya doa lake, kikombe mkono huu, mwiko wa kuchimbia mkono ule, anakwangua udongo.

Chai ikaisha. Kev, dereva, akasogeza katapila mpaka karibu naye.

"Toka basi, mama."

"Nakunywa chai, Kev. Hunioni?"

"Kikombe kitupu hicho."

"Namimina kingine."

Gareth akaja mbio, uso umemwiva. "Hilary, barabara nzima inakungoja wewe na sungura wako."

"Wangu alizaliwa amekufa," Hilary akasema bila kuinua kichwa. "Nesi akamfunga taulo, akaondoka naye. Nikaambiwa nenda nyumbani ukasahau. Mpaka leo sijui walimzika wapi. Huyu hapa, katapila halimpitii, hata kwa dawa."

Nikaona aibu, kisha hasira. Kev akazima mashine, akashuka na chupa yake.

"Bosi, kumbe hata mimi chai sijamaliza," akasema, akaketi topeni. Nami nikaketi.

Tulikuwa bado tunakunywa chai, mwiko wa Hilary ulipofikia kifuvu chembamba kama ganda la yai. Gareth akapiga magoti. Hilary akavua koti lake, akalishika juu ya shimo kukinga mvua.

"Sasa pima," akamwambia. "Uandike mahali alipolala. Andika vizuri, mtu akimtafuta ampate."