Kipande cha Katoni Kwenye Kiti cha Papa

Ninafundisha Kiingereza sebuleni kwetu Lubunga, saa tisa alasiri. Wanafunzi wangu ni watu wazima: wafanyabiashara wenye asili ya Kivu Kaskazini na vijana wawili wa chuo wanaovuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa kupiga kasia. Kinachowatesa zaidi ni mahali pa kuweka maneno yanayomweleza mtu, yule aliyekuja, kile kilichovunjika. Kwa Kiingereza maneno hayo lazima yakae ubavuni mwa mwenyewe. Ukiyaacha mbali, yanamdandia mwingine. Muuza sabuni mmoja aliandika kwamba alinunua samaki kwa mwanamke aliyeoza. Tulicheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Ndiyo maana ninakata katoni. Kila kipande kina sehemu ya sentensi, wanafunzi wanavipanga mezani hadi kila neno lipate mwenyewe. Ninaviandaa kabla ya chakula cha mchana, na sipendi mtu aviguse.

Mwaka ninaousimulia, papa, yaani baba yangu, alikuwa amepanda boti kwenda Opala kutafuta mchele. Boti ikazama. Wengine walionekana, yeye hakuonekana. Mama akakataa matanga, kwa sababu kwao mtu halilii maiti ambayo hajaiona. Kila mchana alipakua sahani ya papa, ugali na sombe ya majani ya muhogo, akaiweka mbele ya kiti chake, kisha akakivuta kiti nyuma kidogo ili mwenyewe apate nafasi ya kukaa. Nilikichukia kiti kile. Tonton, mdogo wake papa anayeishi ng'ambo ya mto, alinitumia ujumbe wa sauti karibu kila siku: nimshawishi mama tufanye matanga kabla hajarukwa na akili. Nilikuwa upande wake kabisa. Mama alikuwa amekonda, na nilishamsikia akizungumza na kiti.

Siku moja, kwa hasira, nikatunga sentensi ya nyumbani kwetu. Baba yangu, kipande kimoja. Ambaye alikwenda Opala, cha pili. Hatarudi, cha tatu. Vyote kwa Kiingereza, nikavichanganya na vingine, nikaenda kuchota maji. Niliporudi, kipande cha "baba yangu" kilikuwa juu ya kiti. Nyumbani alikuwamo mama tu, naye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, hata jina lake hawezi kulisoma. Nikajiambia ni bahati tu.

Kesho yake, tena. Keshokutwa, tena. Kati ya vipande zaidi ya thelathini, kilekile. Nikabadilisha mwandiko. Nikakata katoni mpya, zote saizi moja. Mwishowe nikavilaza kifudifudi, maandishi chini, mtu akiingia asione kitu ila katoni tupu. Niliporudi na ndoo nyumba ilikuwa kimya, mto peke yake ndio uliosikika. Sahani ilikuwa inafuka moshi. Kiti kilikuwa kimevutwa nyuma, na juu yake kipande kimoja. Nikakigeuza. Baba yangu.

Jua lilikuwa la utosi. Niliogopa, sitadanganya. Niliamini kuna mtu anayesimama kando ya mama na kumwonyesha.

"Mama, ni nani anakuonyeshaka?"

"Anionyeshe nini?"

"Katoni ya papa. Wewe hujue kusoma."

Alikuwa mlangoni mwa jikoni, anafuta mikono kwenye kitenge. Hakuonekana kushangaa.

"Bon, mi sijue kusoma, ni kweli. Lakini nakuangaliaka hapa ku mulango. Zile zingine unatupaka tu ku meza. Ile moja unaiwekaka polepole, halafu mukono yako inabakia juu yake. Donc najua ni ya papa yako."

Akarudi kwenye sufuria zake. Mimi nilibaki nimesimama, nautazama mkono wangu. Woga ulikuwa umeondoka.

Alasiri ileile, kabla wanafunzi hawajafika, tonton alivuka mto kuja kuchukua jibu. Alikuwa amevaa shati lake la ibada. Alishaongea na watu wa kukodisha viti na turubai za matanga, alibakiza neno letu tu. Akanivuta uani, akapunguza sauti.

"Alors? Mama yako anakataa tu?"

"Hapana, tonton," nikamjibu. "Ni mimi. Bado namungojea."