Kikombe Alicholilia Mama Mhasibu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa chekeche na lundo la udongo wa kichuguu. Klabu ya wafanyakazi wa jineri, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Bariadi, ilikuwa na uwanja wa tenisi, na mimi, niliyeishia darasa la tatu, sikuwa nimewahi kuona hata raketi.

Udongo ule unapondwa, unachekechwa, unamwagwa, unanyunyiziwa maji, kisha unapitishiwa rola. Rola ni pipa la chuma lililojaa zege; unalikokota kama maksai. Ukizidisha maji, wachezaji wanateleza kama ng'ombe lamboni. Ukipunguza, vumbi linawajaa puani. Mwisho unachora mistari kwa chokaa. Mpira ukigusa chokaa, halali. Ukipita, umekufa, hata kama aliyeupiga ni mkuu wa mkoa.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa Meneja, Msukuma wa Migato, mtu wa tumbo na kicheko. Tenisi hakucheza. "Mayu," alinisemesha kama mama yake, "uwanja wako unanimalizia nafasi. Watu wanne wanacheza, marobota yangu ya pamba yananyeshewa!"

Mtetezi wa uwanja alikuja kwa uhamisho: Mama Mhasibu, Mwislamu wa Tanga, mwembamba kama fito, anacheza na kilemba chake kichwani. Ndiye aliyenikalisha mbele ya televisheni ya klabu akanifungua macho.

"Mama Minza, mashindano ni mengi mwaka mzima, ila makubwa ni manne tu. La Australia, la Ufaransa, la Uingereza, la Marekani. Mengine ukishinda unapata hela. Haya manne, ukishinda hata moja, utazeeka na watu watakutaja kwa hilo."

"Wanachezea wapi?"

"Ufaransa ni udongo mwekundu, kama wako. Uingereza ni majani."

"Majani? Sisi majani tunalisha ng'ombe!"

Alicheka mpaka kilemba kikamlegea. Mimi nikatembea na kiburi cha Ufaransa wiki nzima.

Mwaka mmoja Meneja akasema neno lake la mwisho: "Leteni kikombe cha kanda, uwanja ubaki. Mkikosa, msimu ujao ni marobota." Mama Mhasibu akajibu, "Basi hilo ndilo kubwa langu."

Fainali ilichezwa hapa hapa, yeye na Daktari mmoja mwanamke kutoka Shinyanga. Watu walifurika mpaka wa vijijini. Sasa, kwetu kwenye mbina, zile ngoma za mashindano, vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Hakuna aliyewaambia kwamba tenisi ina sheria nyingine. Umati wote ukajipanga nyuma ya Mama Mhasibu. Wachezaji walipobadilishana pande, umati nao ukahama, na vigoda, na watoto mgongoni.

"Kaeni mlipokuwa!" mwamuzi akafoka.

"Tukae vipi na mtu wetu kahama?" mzee mmoja akamjibu.

Hata Daktari alicheka. Lakini alikuwa anashinda. Mpira wa mwisho wa Mama Mhasibu ulitua karibu na mstari niliokuwa nimesimama kando yake, na mwamuzi hakuuona vizuri. Umati ukanigeukia: "Mama Minza, sema umegusa!" Alama ilikuwa pale kwenye udongo, wazi kama kwato. Niliwaza uwanja, nikawaza ugali wangu.

"Umepita," nikasema.

Meneja akasimama, akavuta suruali yake juu ya tumbo. "Kikombe kinakwenda Shinyanga. Lakini mimi ni Msukuma na macho ninayo. Mwenye watu nimemwona. Marobota yatatafutiwa turubai."

Watu wakapaza sauti "Wabeja!" wakimshukuru, na vigelegele juu. Nikamkimbilia Mama Mhasibu, nikamkuta nyuma ya stoo ya rola, analia.

"Unalia nini? Uwanja umebaki!"

"Mpira ulipita kweli?"

"Ulipita."

"Umefanya vema. Uwanja ni wenu wote, Mama Minza. Kikombe kingekuwa changu. Sasa niache."

Akahamishwa baadaye, na kikombe hakukipata kamwe. Mimi niliendelea na rola mpaka magoti yalipogoma. Siku hizi mjukuu wangu Kabula anacheza pale, fundi kuliko wote niliowaona, na sisemi kwa sababu ni damu yangu. Ananionyesha yale makubwa manne kwenye simu. Juzi aliyeshindwa alikuwa anafuta machozi, Kabula akashangaa: "Bibi, si hela amepata? Na watu wote wanampigia makofi!"

Nilimwambia, na ninyi mtakaofanya kazi viwanjani nawaambia. Makofi ni mali ya wanaopiga. Mtu akikosa kikombe kikubwa, msimkimbilie na maneno matamu kama nilivyokimbia mimi. Mpelekeeni maji, geuzeni kiti chake kitazame ukuta, muondoke.